Asali Si Sukari

Jumanne, 10 Februari

Makaa yamelowa tena. Mvua iliingia kwa ubavu, ikapita chini ya bati la jiko, ikalijaza gunia lote. Ninaandika huku moshi unanitoa machozi na maji ya chai hayajachemka. Umeme umekatika tangu juzi.

Jana daktari alimkataza Faridi kufunga. Alisema kwa upole, akinitazama mimi badala ya mgonjwa, jambo lililonikera kabla hata sijasikia maneno yenyewe. "Madame, sukari ya bwana wako inapanda, inashuka. Na ile kidonda ya kidole ya mguu, sasa ni miezi mbili. Ramadhani hii asifunge." Faridi alivaa kiatu taratibu, akasema asante, akatoka. Hakufungua mdomo hadi tulipofika kwenye kona ya gereji yake, hapa Buyenzi.

"Nimefunga toka niko na miaka tisa," alisema. "Hata mwaka ya vita nilifunga. Huyu mutoto wa juzi ataniambia nini?"

Nilimpa hoja. Nilimwambia mgonjwa ameruhusiwa, tena kwa maandishi yaliyo wazi kuliko sheria yoyote ya nchi hii. Nilimwambia mtu hula, kisha hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyoikosa, na huo ndio mwisho wa habari. Alinisikiliza kama anavyosikiliza injini: kichwa kimeinama, bila kujibu. Kisha akaingia chini ya gari la mtu.

Miaka ishirini na mitano nimekuwa nikiandika makala za kugombana. Nimegombana na maimamu, mapadri, walimu wa chuo, na wenye mabasi. Wengi niliwashinda. Mwanamume mmoja ndani ya nyumba yangu sijamshinda hata mara moja, kwa kuwa hajibu.

Ninachoogopa nakiandika hapa kwa sababu mezani hakisemeki. Baba yake Faridi alianza hivyohivyo, kwa kidole. Baada ya mwaka alikuwa amelala kitandani na mguu mmoja, na baada ya mwaka mwingine hakuwepo.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Nimegombana na muuza makaa.

Alhamisi, 12 Februari

Nimelipata. Kama atafunga, basi afunge, lakini chakula cha daku ni changu. Miaka yote daku yake ni chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko na maandazi manne. Yote mawili yanataka moto, na moto alfajiri katika masika haya ni ndoto. Katika vitabu vyangu vya zamani kuna kimoja cha mambo ya lishe; nimekisoma leo hadi macho yakauma. Kinasifu oti: shibe yake ni ya polepole, haitupi sukari mwilini kwa kishindo. Tena oti zilizobanwa hazihitaji kupikwa. Unachanganya, unafinyanga, umemaliza. Nilikifunga kitabu kabla ya ukurasa unaofuata, kama nifanyavyo nikishapata ninachokitaka.

Nilikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Asiatique, dukani kwa Hamimu. Tunajuana tangu utotoni, na ana ugonjwa uleule wa Faridi, ingawa yeye anauita "kale kashida".

"Avoine?" alisema nilipomtajia oti. "Dada Adija, ile ni chakula ya farasi na ya Wazungu wagonjwa."

"Nipe ya farasi."

"Na asali iko, ya Cankuzo, safi. Na tende. Angalia hizi, za Madina."

"Mwezi wa Shaabani kila tende hapa mjini ni ya Madina."

"We ungekuwa mwanaume wangekupiga," alisema, akanipimia.

Jumamosi, 14 Februari

Siku nzima nimetumia mikono badala ya kalamu. Mara ya kwanza mchanganyiko uligoma kushikana, ukamwagika kama changarawe. Houda, binti yangu, ambaye ana miaka ishirini na minne na maoni juu ya kila kitu (sijui amerithi wapi), alisimama mlangoni akanishangaa. "Mama, karanga ndio inashika, si maneno."

Alisema kweli. Sasa ninaandika vipimo ili nisisahau. Vikombe viwili vya oti. Nusu kikombe cha karanga ya kusaga, ile nzito ya sokoni yenye mafuta juu, uikoroge kwanza. Tende ishirini, utoe kokwa, uziponde kwa kinu hadi ziwe kama udongo wa mfinyanzi. Vijiko vinane vikubwa vya asali. Chumvi kidogo. Kisha uache kwa muda wa sala moja, oti zinywe. Ulowanishe viganja, ufinyange madonge ya ukubwa wa limau dogo, uyapange kwenye sinia. Friji ni kabati tu kwa sasa, kwa hiyo niliweka sinia juu ya beseni la maji na kulifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Jioni yalikuwa yamekaza vizuri.

Faridi alikula manne.

"Hii ndiyo dawa?" aliuliza.

"Ndiyo dawa."

"Dawa tamu hivi sijaionaka."

Hayakuwa na sukari hata punje. Nilihakikisha.

Jumatatu, 16 Februari

Daphrose alikuja ukutani. Yeye ni jirani yetu kwa miaka kumi na moja, muuguzi katika zahanati moja huko Musaga. Tangu mafuta yaadimike anakwenda na kurudi kwa miguu, na viatu vyake vya kazi anavibeba mkononi. Sijawahi kumpenda. Si mbaya, hana msimamo tu. Ukimwuliza jambo anakujibu kwa swali. Niliwahi kuandika makala juu ya wauguzi wanaochezea simu wakati foleni inafika barabarani. Aliisoma. Kesho yake alinisalimia vilevile kama jana yake, na hilo nililihesabu kuwa ni udhaifu.

Nilimpa donge moja, kwa ujirani. Alilitafuna polepole.

"Ni nzuri, Mama Houda. Ndani muna nini?"

Nilimtajia.

"Na asali ni nyingi?"

"Ya kutosha."

"Eh." Alijipangusa vidole. "Na Baba Houda, sukari yake anaipima?"

Hapo nikawaka. Nilimwambia sukari ni kitu cha kiwandani, cheupe, kilichovuliwa kila chema na kuletwa hapa na watu wanaotuuzia ugonjwa halafu wanatuuzia dawa. Asali ni ya nyuki. Tende zimelisha watu wa jangwani tangu kabla babu yake muuguzi wa kwanza hajazaliwa. Sote tumelelewa tukijua kwamba asali ni tiba na kufuturu kwa tende ni sunna, na sijui kwa nini kila kilicho chetu lazima kisimame mahakamani mbele ya mtu mwenye koti jeupe.

"Mi sisemi kitu," alisema Daphrose. "Asante ya donge."

Watu wa namna hii wanakulazimisha ugombane peke yako.

Alhamisi, 19 Februari

Mwezi umeonekana. Amefunga. Madonge manne, maji, na kidonge chake. Alikwenda kazini akipiga mluzi.

Jumapili, 22 Februari

Siku nne na hajaanguka, hajalalamika. Nimeandika makala. Imetoka kwa pumzi moja, kurasa tatu, nikasimama kuzunguka chumba kila baada ya aya. Nimeeleza madonge, vipimo vyote, jinsi ya kufuturu na kula daku bila moto katika mji usio na makaa makavu. Katikati nimeweka hoja yenyewe: wenye ugonjwa wa sukari waache chai na maandazi, wale hiki. Kichwa: Asali Si Sukari.

Népomuscène, mhariri wangu, alipiga simu saa mbili baada ya kuipokea.

"Adija, nimesoma mara mbili. Hakuna hata mutu mumoja umetukana. We uko mugonjwa?"

"Nimemtukana muuza maandazi."

"Ule ni mama yangu mukubwa, lakini sawa. Inatoka Jumatano."

Hakuuliza swali lolote. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza, "Umejuaje?" Zamani niliona hiyo ni heshima.

Jumatano, 25 Februari

Imetoka. Kabla ya adhuhuri wanawake watatu walikuwa mlangoni wakiuliza kama karanga ya kopo inafaa. Haifai.

Alhamisi, 26 Februari

Mvua asubuhi, jua kali mchana, mvua. Nguo hazikauki. Siwezi kutulia kwenye kiti.

Ijumaa, 27 Februari

Hamimu amemaliza oti zote. Nilipopita dukani alinionyesha rafu tupu kama mtu anayeonyesha medali.

"Mutaa muzima wanafinyanga. Hata mimi, dada. Bibi yangu ananipa tano kila futari, tano kila daku. Toka zamani nilijua chakula tamu haiwezi kuwa dhambi."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama msichana. Ninajua furaha ya kushinda mjadala. Hii ilikuwa nyingine. Watu walikuwa wakila maneno yangu.

Jumamosi, 28 Februari

Faridi anaamka mara nyingi kwenda uani. Anasema ni maji ya daku.

Jumatatu, 2 Machi

Amekonda. Mkanda wake umeingia matundu mawili. Saumu humkondesha kila mtu, nilisema. Houda alinitazama.

"Mama, baba anakunywa jagi mbili za maji kila akifuturu. Na soksi yake inanuka."

"Unataka niseme nini?"

"Sitaki useme. Nataka umurudishe kwa daktari."

Tulizozana mpaka adhana ikatukatiza. Faridi alitoka chumbani, akaketi kati yetu, akachukua tende. "Nyie wawili mungefunga na mudomo pia," alisema. Macho yake yalikuwa yamezama.

Mwili ukilegea unahitaji nguvu. Nimeongeza madonge ya daku kutoka manne hadi sita, na asali kidogo zaidi ili yashike, maana kwa unyevu huu yanabomoka.

Jumanne, 3 Machi

Nimeanza makala tatu. Sijamaliza hata moja.

Alhamisi, 5 Machi

Nitaandika yote, kwa mfuatano, nisije kesho nikayapamba.

Baada ya alasiri fundi mmoja wa Faridi alikuja mbio, akasimama uani bila kubisha hodi. "Mama Houda, patron ameanguka." Nilikwenda kama nilivyokuwa, na unga wa oti mikononi. Faridi alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, anahema haraka kama aliyetoka kukimbia. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyooza. Alinitambua, akasema jina la mama yake.

Gereji ilikuwa na magari tisa. Niliyahesabu. Hakuna hata moja lililokuwa na mafuta.

Ndipo Daphrose akatokea barabarani, anarudi kutoka Musaga kwa miguu, viatu mkononi, kanga imelowa hadi magotini. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti kwenye oili, akafungua mkoba, akatoa kimashine chake kidogo cha kupimia sukari. Faridi alirudisha mkono nyuma.

"Damu itavunja saumu yangu," alisema.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu manne, ya madhehebu yote. Lakini Daphrose alishika kidole cha mkono ule, akamwambia kwa sauti ileile ya kusalimia, "Baba Houda, tone moja tu. Mungu anajua kuhesabu kuliko sisi." Akatoboa. Mashine ilifikiri, kisha badala ya namba ikaandika herufi mbili.

"Ndiyo nini?" niliuliza.

"Imepita mwisho ya mashine." Alinigeukia. "Alikula nini daku?"

"Oti. Oti tu, na karanga."

"Na?"

"Asali. Tende."

"Vijiko ngapi?"

Nilimwambia. Kisha nikamwambia kwamba tangu Jumatatu ni zaidi, na kwamba ni madonge sita alfajiri na mengine magharibi. Nilijisikia nikivitaja kimoja baada ya kingine, mbele ya mafundi sita, na kila nilichokitaja kilikuwa kimepita katika viganja vyangu mwenyewe.

"Mama Houda," alisema, wala hakupandisha sauti, "asali ni sukari. Tende ni sukari. Mwili haiulizi nani ameitengeneza, kiwanda ao nyuki."

Sikujibu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikumbuki ni lini nilikosa jibu mara ya mwisho.

Tulimwingiza Faridi katika Toyota kuukuu isiyo na kioo cha nyuma. Mafundi walisimama nyuma, wote wamefunga, midomo imepauka, na mvua ikaanza. "Nani atashika usukani?" aliuliza mmoja. Kila mwenye mikono ya nguvu alihitajika kusukuma. Daphrose alikuwa tayari ameweka mabega kwenye buti. Nikabaki mimi, ambaye sijawahi kuendesha kitu chochote isipokuwa mjadala.

Walisukuma kutoka Buyenzi hadi hospitali, kupitia madimbwi, na watu wakitoka madukani kuongeza mikono kisha kurudi. Nilishika usukani kama mtu anayezama. Kando yangu Faridi alikuwa amefumba macho. Kila nilipoelekea mtaroni alisema bila kuyafumbua, "Kushoto." Kisha, "Kushoto kidogo tu, Mama Houda, si yote." Nilimtii. Barabara nzima nilimtii, na niliogopa kitu kimoja tu, kwamba atanyamaza.

Ijumaa, 6 Machi

Yupo. Sukari inashuka. Kidole kitakatwa. Mguu, wanasema, huenda ukabaki.

Jumapili, 8 Machi

Wamekata kidole jana. Mguu umebaki.

Leo aliweza kuketi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo tangu Alhamisi, yenye utangulizi na mwisho. Nilipofika nikasema tu, "Ni mimi. Ni ile asali."

"Najua. Daphrose aliniambia."

"Kwa nini hukusema ilikuwa tamu mno? Unajua mwili wako."

Alichezea ukingo wa shuka. "Nilijua ni tamu. Mi si mujinga."

"Basi kwa nini ulikula?"

"Miaka makumi tatu ukitaka nifanye kitu, unanihubiria," alisema. "Siku ile ulinyamaza, ukakaa chini, ukanifinyangia kitu na mikono yako. Nilisema mwenyewe: hii nitakula hata kama ni udongo."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye varanda ya hospitali hadi mvua ikakatika.

Jumatatu, 9 Machi

Niliandika marekebisho kabla ya saa tatu asubuhi. Kichwa: Asali Ni Sukari. Népomuscène hakufurahi.

"Adija, watu watacheka. Weka mustari miwili chini ya ukurasa wa mwisho, inatosha."

"Ukurasa wa kwanza. Ukubwa uleule."

"Itatoka Jumatano, basi. Siwezi mapema."

Jumatano. Nilikata simu nikaanza kuzunguka meza. Gazeti linatoka Jumatano, lakini Hamimu anafuturu leo. Madonge matano, na matano. Mke wake amekata makala yangu kwa mkasi, akaibandika jikoni. Alinionyesha yeye mwenyewe.

Nilivaa viatu. Asiatique ilikuwa matope hadi kwenye vizingiti. Hamimu alikuwa nyuma ya kaunta, anakuna mikono yake, na chupa ya maji chini ya miguu ikingoja magharibi. Niliiona ile chupa. Ilikuwa ya lita tano.

"Usile tena yale madonge," nilisema. "Nilikosea. Asali ni sukari. Faridi amekatwa kidole kwa sababu yangu."

Wateja wawili waligeuka.

"We, Adija?" alisema. "We umekosea?"

"Mimi."

"Rudia, huyu mama hakusikia."

Nilirudia. Yule mama alisikia. Hamimu hakucheka nilivyotegemea. Alikaa chini juu ya gunia la mchele, akaufuta uso wake. "Basi ndiyo maana," alisema taratibu. "Bibi yangu alisema ni jini." Nilimtoa mwenyewe dukani, nikamsindikiza hadi kwa Daphrose, ambaye alikuwa amerudi mapema. Mashine ilitoa namba kwake, mbaya lakini namba. Kesho asubuhi atakuwa kwa daktari.

Kisha nikaenda kwa wale wanawake watatu wa karanga ya kopo, na kwa wale waliowaambia. Houda alikuja nami. Nyumba ya nne nilianza kueleza nilivyosoma kitabu na kilisema nini, naye akanibana kiwiko. "Mama, fupi." Nyumba ya tano nilisema maneno sita. Wengine walitabasamu. Mmoja aliniambia alikuwa amengoja miaka kumi kusikia hivyo na mimi nikamwambia asizoee.

Jumatano, 11 Machi

Imetoka, ukurasa wa kwanza. Sikuisoma.

Alhamisi, 12 Machi

Daphrose alikuja baada ya kazi. Sikumwita, nilikuwa nimesimama ukutani tangu saa kumi nikijifanya naanika nguo, mvua ikinyesha. Aliingia, akavaa viatu vyake vya kazi jikoni mwangu, akaomba kuona oti.

Tulifinyanga pamoja. Vikombe viwili vya oti. Karanga, robo tatu ya kikombe. Mtindi usio na kitu, wa kushikisha. Mdalasini. Karoti moja iliyokunwa. Chumvi. Hakuna asali, hakuna tende, hakuna ndizi mbivu. Nilionja, nikahisi ninatafuna daftari.

"Hakuna kitu cha kuongeza?" niliuliza.

"Ndagala," alisema. "Unakausha, unasaga."

Nilimkazia macho: dagaa ndani ya oti? Uso wake haukubadilika hata kidogo, na ilinichukua muda kujua kwamba anatania. Miaka kumi na moja, na sikujua kwamba mwanamke huyu hutania.

"Siku ile ukutani," nilimwambia, "ulijua. Kwa nini hukunipinga?"

Alifinyanga donge zima kabla ya kujibu.

"Ile mwaka uliandika ya wauguzi, mi nilikuwa peke yangu zamu ile. Foleni ilifika barabarani, ni kweli. Simu nilikuwa napigia daktari, haji. Nilitaka kukuja kukuambia. Nikafika hapo mulangoni, nikakusikia unagombana na mutu kwa simu. Nikarudi." Aliliweka donge kwenye sinia. "Lakini ile ya asali ningesema kwa nguvu. Kosa hiyo ni yangu."

"Si yako."

"Nusu."

Nilitaka kubishana naye juu ya ile nusu. Nilimpa karoti nyingine akune.

Jumamosi, 14 Machi

Faridi amerudi kwa gari lenye mafuta. Sikuuliza mafundi wameyatoa wapi. Anatembea kwa fimbo na kuichukia. Daktari, yule mtoto wa juzi, amemwambia mbele yangu: kula mchana, kila siku, maisha yote. Faridi alisema ndiyo. Njiani aliniambia ameshamchagua mtu wa kumlisha, mzee wa Kinama anayekuja kuombaomba karibu na msikiti. Sahani yake ipelekwe kwa kila siku aliyoikosa, na iwe chakula cha kweli, akasema, wali na nyama, si ile ya farasi.

Jumapili, 15 Machi

Hakula mchana. Alisema hana njaa. Alikunywa maji kidogo, akiwa amegeukia ukuta.

Jumatatu, 16 Machi

Kumekucha bila mvua, mara ya kwanza baada ya wiki. Nilifungua madirisha yote ili nyumba ikauke. Saa sita niliweka sinia mbele yake: madonge mawili, maji, kidonge. Mimi nimefunga, nikaketi ng'ambo ya meza. Uani watu walikuwa wakipita kwenda msikitini, na kutoka barabarani kila mtu angeweza kumwona mpaka mezani.

Faridi alilitazama sinia, kisha dirisha. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Funga pazia," alisema.

Nilikuwa na la kusema. Mgonjwa hana cha kuficha. Ruhusa haikuja gizani. Maisha yangu yote nimeandika kwamba tunaumwa kwa sababu ya mapazia, katika nyumba hii, mtaa huu na nchi hii, na ningeweza kuyasema yote kwa aya nne, na kila aya ingekuwa sahihi. Alikuwa ananingoja nianze. Niliuona usoni mwake ule uvumilivu wake wa zamani, wa mtu anayesikiliza injini.

Nilinyanyuka, nikafunga pazia.

Alisema bismillahi kwa sauti ndogo, akachukua donge, akaliuma. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Haina ladha," alisema.

"Haina," nikasema.

Akachukua la pili.